Jino la Kigego na Taya la Kithiripi

Katika milima ya Usambara, kuanzia Soni hadi Lushoto na Mlalo, shamba la maharage haliko mbali na nyasi. Kingo za matuta zimepandwa majani ya tembo na majani ya Guatemala, mengi yakiwa ni matunda ya mradi wa kuzuia mmomonyoko uliosaidiwa na Wajerumani na kuanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili mizizi ishike udongo na ng'ombe wa zizini wapate chakula. Hivyo ua la mharage na shuke la nyasi huchanua yakitazamana, hatua mbili tatu baina yao. Mkulima akikung'uta ua juu ya kiganja, huona vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi, vyeusi au vya manjano, vikitambaa. Akikung'uta shuke, huona vile vile. Kwake wote ni vithiripi, na kithiripi ni adui anayepukutisha maua kabla hayajafunga. Bomba la dawa likishapanda mgongoni, halibagui.

Hapa pana swali ambalo si la kilimo peke yake. Kiumbe hujulikanaje kuwa ni yeye na si mwenziwe? Na akishajulikana, je, kule kujulikana kunatosha kumhukumu? Anayedhani kwamba mdudu wa milimita moja au mbili ni mwepesi mno kwa swali hili, na akumbuke ni mara ngapi wanadamu wamepimwa kwa mizani iyo hiyo: rangi yao, umbo lao, mahali walipokutwa.

Wataalamu wamekwisha kuwapa majina zaidi ya aina 6,000 za vithiripi duniani. Mwaka 1836 Haliday, mwanazuoni wa Ireland, aliliita kundi lao kwa neno la Kiyunani lenye maana ya mabawa ya matamvua, kwa kuwa bawa lao ni kijiti chembamba kilichozungukwa na nywele ndefu, mfano wa ncha ya kilemba kilichosukwa vizuri. Kuwatofautisha ni kazi ya kuhesabu. Huhesabiwa pingili za vipapasio, aghalabu 7 au 8. Hutazamwa nywele zilizovizunguka vijicho vitatu vya utosini, nywele za pembe za kifua, na kitana cha vinywele kilicho kwenye pingili ya nane ya tumbo. Mkiani ndiko jamii nzima inakogawanyika mapande mawili: wako ambao jike lao lina kijisumeno cha kupasulia mmea na kutia yai ndani yake, na wako ambao pingili yao ya mwisho imekuwa mrija. Walakini wote wamekutana katika jambo moja la ajabu. Kinywani mwao ni taya la kushoto tu lililokua, likawa mfano wa sindano. La kulia limetoweka tangu mdudu angali ndani ya yai.

Rangi, ambayo jicho huikimbilia kwanza, ni shahidi dhaifu. Kithiripi wa kitunguu akilelewa katika joto huwa wa manjano, na akilelewa katika baridi huwa wa kahawia iliyoiva. Mtu aliyemzoea wa bondeni Mombo aweza kumkana wa Lushoto katika baridi ya Julai, ilhali ni mtu na nduguye. Anayemjua hasa humtazama utosini: vijicho vyake vitatu vina rangi ya kijivu, na vya wengi wa jamaa zake ni vyekundu. Alama ya kweli, basi, ni ndogo, imejificha, na haimjii asiyeinama kuitafuta.

Nao wa nyasi wana maumbile yao. Liko kabila moja, Chirothrips, ambalo kichwa chake ni kidogo, kimechongoka mbele, na kifua kimepanuka kwa nyuma, hata mdudu mzima akawa kama kabari. Pingili ya pili ya kipapasio imevutwa upande mithili ya bega. Umbo hili halielezeki mpaka lifikiriwe pamoja na nyumba yake: mdudu huyu hujipenyeza baina ya maganda ya ua la nyasi yaliyofumbana, na mtoto wake hulelewa ndani ya ua moja, akala kile ambacho kingekuwa mbegu moja, akamaliza utoto wake humo humo. Mwili umeandika makazi yake. Mwenye kuusoma mwili huo ataona kwamba mharage haumhusu.

Lakini kuna kusoma na kusoma, na milima hii ina kisa chake cha mwili uliosomwa vibaya. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, aliyeishi Usambara na kuwatumikia watawala wake, imesimuliwa habari ya Mbegha, mwana wa Nguu. Mbegha aliota meno ya juu kabla ya meno ya chini. Alikuwa kigego, na kwa desturi ya zama hizo kigego hakuwa mtoto wa kulelewa. Alikuwa mkosi wa kuondolewa mapema. Wazazi wake walimlea. Walipokufa, jamaa walimnyima urithi kwa hoja ya jino. Akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa mji, na kijana yule akafa katika uwindaji wa nguruwe. Aliyetaka kuthibitisha hukumu ya zamani alipata ushahidi wake hapo, ingawa aliyemuua kijana ni nguruwe, si jino. Mbegha akakimbilia Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba huko Vugha, na watu wakamfanya mfalme wao. Ukoo wake ulitawala milima hii vizazi na vizazi.

Jino la Mbegha lilikuwa kweli, hakuna aliyelizua. Uongo ulikuwa katika kile kilichofungwa kwenye jino. Na hapo ndipo hesabu ya nywele za kithiripi inapotofautiana na ramli ya meno, japo zote mbili huuchunguza mwili. Mtaalamu akisema huyu ana vijicho vya kijivu, hasemi kwamba kijivu ni uovu. Anasema tu huyu ni fulani, kisha amali zake hutafutwa kwingine, kwa kutazama anakula nini na anazaa wapi. Zikichanganywa kazi hizi mbili, alama hugeuka hukumu, na hukumu ikitangulia, kila msiba utakaofuata utahesabiwa kuwa dalili.

Kosa la pili ni la mahali. Kithiripi mkubwa hupeperushwa na upepo, akatua popote, hata kwenye kanzu iliyoanikwa. Kumkuta katika shuke la nyasi si hoja kwamba anaishi kwa nyasi, wala kumkuta katika mharage si hoja kwamba ndiye aliyeuharibu. Wajuzi wa fani hii wana kanuni ya uadilifu: mmea hauitwi makazi ya mdudu mpaka wapatikane humo tunutu wake, watoto wasio na mabawa, ambao hawawezi kuwa wapita njia. Laiti kanuni hii ingetumika na mabarazani, pale mtu anapotiwa hatiani kwa kuwa alionekana karibu na nyumba.

Yuko mkosaji wa kweli, na haifai kumficha. Kithiripi wa maua ya kunde na maharage alipewa jina mwaka 1908 na Trybom, Mswidi, kwa heshima ya Mswidi mwenziwe Sjöstedt, aliyekusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Yatazamwe hayo kidogo: mdudu anayekula maua ya shamba la Mwafrika amebeba jina la msafiri aliyepita. Hata hivyo jina lilimtenga yeye na wengine, na faida hiyo haipotei kwa kuwa jina ni geni.

Gharama ya jina ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ili kithiripi asomwe barabara, hutiwa katika magadi makali mpaka nyama zake ziyeyuke, akabaki ngozi tupu, akalazwa juu ya kioo chini ya hadubini. Anayejulikana ni ganda. Hukumu humfikia akiwa amekwisha kufa. Wapo watakaoona kwamba hili laubatilisha uadilifu wote uliotajwa. Lakini wachache wanaokufa kwenye kioo hufa ili wengi wasife shambani kwa kosa la kufanana, na hao wengi wana watetezi wachache. Baina yao wako vithiripi wenye mabawa mapana yenye mikanda meusi, ambao huwawinda vithiripi wenzao na utitiri. Sumu inayopigwa kwa jina la wote huwaua na hawa. Methali ya samaki mmoja akioza ni ya mwenye tenga. Samaki mwenyewe hakuulizwa.

Na mkulima? Ni rahisi kumlaumu ukiwa umekaa mbali na mteremko wake. Ana siku chache za maua, ana ada ya shule iliyomo ndani ya maharage hayo, na hadubini hana. Kumtaka asubiri hesabu ya nywele ni kumtwisha gharama ya haki ambayo wenye vyuo hawakuitoa. Deni ni la wale wanaojua kutofautisha na hawakuteremsha ujuzi wao mpaka ukafika kwenye tuta.

Tena sehemu yake haihitaji chuo. Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 huonyesha mikanda ya mabawa ya wale wawindaji. Karatasi nyeupe ikitandazwa chini ya maua asubuhi, na maua yakakung'utwa taratibu, ya mharage kwanza, kisha ya nyasi kwenye karatasi nyingine, tunutu wa manjano wataonekana au hawataonekana, na kila karatasi itasomwa kwa yaliyomo juu yake.