Vistari

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mkuu wangu alisimama nyuma ya kiti changu, akaitazama ramani niliyoichora kwa miezi mitatu, akasema, "Hivi vistari viondoe. Unganisha. Wageni wakiviona watadhani hatuna uhakika."

Hatukuwa na uhakika. Ila nilijibu, "Sawa, mkuu," na hadi jioni ramani ilikuwa safi.

Nilikuwa nachora nyufa zilizo chini ya bahari, mbele ya pwani ya Tanzania. Pwani hii ni kovu. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita Madagaska ilikuwa imeshikana na Afrika Mashariki. Ikabanduka, ikateleza kuelekea kusini, na ukingo uliobaki ukapasukapasuka. Nyufa nyingine zilicheza tena muda mrefu baadaye. Ukivuka kwenda Unguja uko juu ya maji yasiyofika kina cha mita 100, lakini kati ya Pemba na bara, ambako nyufa zimepita, mkondo unatumbukia mamia ya mita.

Hakuna anayeziona nyufa hizi kwa macho. Meli hukokota waya mrefu wenye vinasa sauti, hupiga mshindo wa hewa majini, na mwangwi unaorudi kutoka kwenye miamba hutengeneza picha ya matabaka. Fikiria mikeka iliyopangwa juu ya mikeka: pale yote inapokatika na upande mmoja kushuka, pana ufa. Lakini meli ilipita hapa, kisha ikapita tena kilomita kadhaa kule. Katikati hakuna aliyesikiliza. Ufa wa picha ya kwanza na ufa wa picha ya pili huenda ni mmoja, huenda ni wawili. Kuuunganisha ni uamuzi wangu. Ndiyo maana wanajiolojia wana adabu yao: ulichokiona, mstari mzima, unachokikisia, vistari, kilichofunikwa, nukta, unachokitilia shaka, kiulizo.

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea baharini, likasikika Dar es Salaam na Zanzibar. Nilimkuta shangazi yangu uani, amejifunga kanga, hataki kurudi ndani.

"Mwanangu, si wewe unayechora hizo nyufa? Umo mmoja chini ya nyumba hii?"

"Hapana, shangazi. Ondoa wasiwasi, kalale."

Chini ya nyumba yake sikuwahi kuchunguza. Nilikuwa nimeunganisha vistari kwa mara ya pili, safari hii kwa upendo.

Je, kumtuliza mtu kwa jambo usilolijua ni uongo, au ni huruma? Mwaka 2009, katika mji wa L'Aquila nchini Italia, ardhi ilitikisika kidogokidogo kwa miezi. Wataalamu wakakutana, na wakazi wengi wakabaki na imani kwamba hakuna hatari. Siku chache baadaye tetemeko kubwa likaua watu zaidi ya 300. Mwaka 2012 mahakama iliwatia hatiani watu 7. Mwaka 2014 rufaa ikawaachia wanasayansi 6 kati yao. Sidhani mtu afungwe kwa kushindwa kutabiri tetemeko, maana hakuna awezaye. Lakini kutoka "hatujui" hadi "laleni" kuna safari, na kuna mtu aliyeifunga.

Mkuu wangu angenijibu kwamba ramani iliyojaa viulizo haimsaidii mtu. Anayejenga anataka kujua ajenge wapi. Anayeogopa anataka alale. Hoja hii ina uzito, na kwa muda mrefu nilijificha nyuma yake. Nilichokosea ni kudhani kwamba kistari ni alama ya kutojua. Kistari ni ujuzi uliotajwa kwa kipimo chake. Kinamwambia atakayekuja baada yangu: hapa nimekisia, angalia tena. Mstari mzima unamwambia asihangaike.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa ninazozichora hazizibiki. Kilicho mikononi mwangu ni namna ya kuzisema tu.

Wiki moja baadaye nilirudi kwa shangazi. Nikamwambia kwamba jibu langu la usiku ule halikuwa kweli: nyufa nilizochora ziko baharini, chini ya nyumba yake sijaangalia, tetemeko lingine laweza kuja, na siku hakuna aijuaye. Nilitegemea alie au anifokee. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njoo unishikie hili kabati." Lilikuwa kabati zito la mninga, limesimama ubavuni mwa kitanda chake. Tukalisukuma hadi ukuta wa pili.

Ile ramani ya kazini bado iko kwenye faili fulani, safi, mistari yote mizima. Jina langu limeandikwa chini yake.