Matabishi ya Barabarani na Amri ya Saba



Juma lililopita, baada ya mafundisho, mama mmoja aliniuliza: «Mwalimu, nikitoa matabishi kwenye barieri ili gunia langu la mihogo lipite, je, nimetenda dhambi?» Ninyi mnaopita njia ya Kamanyola mpaka Uvira mwalijua swali hilo. Basi tulitazame.

Amri ya saba yakataza kuchukua mali ya mwenzetu. Mwenye bunduki adaiye fedha pasipo sheria ni mwizi, hata akivaa nguo za serikali. Katika Injili ya Luka, sura ya 3, askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza yawapasayo kutenda. Hakuwaambia waache kazi yao. Aliwakataza kudhulumu na kusingizia watu, akawataka watosheke na mshahara wao.

Mama aliyelazimishwa kutoa hakuiba; ameibiwa. Lakini yeye atoaye fedha ili ng'ombe wa wizi apite, au ili jirani asiye na kosa afungwe, huyo ashiriki wizi na uongo.

Je, yawezekana kukataa? Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Wafanyabiashara walimpa fedha ili apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa, kwa maana chakula kile kingewadhuru maskini. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Umri wake ulikuwa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei mwenye kazi ya mshahara, kama wengi wenu mtakavyokuwa.

Tena, mwizi akishikwa sokoni, tusimpige mawe wala kumchoma moto. Amri ya tano yamlinda hata yeye. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 18, yaagiza kwamba aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu yake, wala polisi wasimshike kupita saa 48. Kisha aachwe huru au apelekwe mbele ya wenye mamlaka ya hukumu. Sheria hiyo yamkinga pia asiye na hatia, na kesho aweza kuwa mwanao. Kijiji chetu cha Katogota kilizika watu wake waliouawa na wenye silaha tarehe 14 Mei 2000. Twajua vema mambo huwaje pale bunduki inapokuwa hakimu.

Usiku huu, kabla ya kulala, kila mmoja ajiulize: Je, nimenunua kitu nikijua kimeibwa? Je, nimemshitaki mtu kwa chuki? Je, nimeficha wanyang'anyi kwa kuwa ni ndugu zangu? Aonaye kosa alitubu, arudishe cha watu. Ndipo aende kwenye maji ya Ubatizo kwa mikono safi.

Mwenye Heri Floribert, utuombee.