Ajali ambazo hazikutokea

Kazi njema ya fundi wa ndege ni ajali ambayo haikutokea, na ajali ya namna hiyo haina mtu wa kuisimulia. Kisangani, mji ambao boti za kutoka Kinshasa huufikia baada ya wiki kadhaa mtoni, umeitegemea mikono ya mafundi hawa tangu zama za Air Congo, iliyoanzishwa 1961, ikaitwa Air Zaïre mwaka 1971, ikafilisika 1995. Babu fundi aliyezeekea kwenye viwanja vya ndege vya mji huo, Simi-Simi na Bangoka, hana daraja wala barabara yenye jina lake. Ana vidole tu. Mtazame akitengeneza baiskeli ya mjukuu: anakaza nati, kisha anaipitishia uzi wa waya na kuusokota kwa koleo, mtetemo usije ukailegeza. Watoto hucheka, maana baiskeli hairuki, lakini mkono uliozoea kufunga nati za injini haujui kulipua kazi. Siku akifariki, matangani husomwa tarehe na vyeo, pengine na jina la kampuni ambayo nusu ya waombolezaji hawakuiona. Mimi ningependa watajwe abiria pia: mama aliyewahi mazishi Bukavu, mwanafunzi aliyefika Lubumbashi na sanduku lake, na yule mfanyabiashara aliyekoroma safari nzima juu ya msitu, akaamka kuulizia mzigo wake.