Sura ya Kristo Kwenye Fedha ya Vita

Tunaposoma habari ya ile dinari aliyoonyeshwa Bwana wetu, swali lake hutuwia jepesi: sura ni ya Kaisari, basi apewe Kaisari. Lakini ipo fedha ambayo swali hilo hutushinda.

Mwaka 1577 mji wa Gdańsk, bandari tajiri chini ya taji la Poland, ambao wakazi wake wengi walikuwa Walutheri kama sisi, ulikataa kumtambua mfalme mpya, Stefan Batory. Mfalme akauzingira. Vita vilihitaji fedha, na askari wa kukodiwa hawangoji. Wakuu wa mji wakachukua vyombo vya fedha vya makanisani, wakaviyeyusha, wakapiga taleri. Mahali palipozoea kukaa sura ya mfalme wakaweka sura ya Kristo, na kuizunguka maneno ya Kilatini ya kumsihi Mwokozi awalinde.

Je, walikosa? Kwa kuyeyusha vyombo, tusiharakishe kuwahukumu. Askofu Ambrosio wa Milano, katika karne ya 4, alivunja vyombo vya kanisa ili kuwakomboa mateka, na alipolaumiwa hakujuta. Kikombe cha Meza ya Bwana hakiwi kitakatifu kwa madini yake. (Wazee wetu waliokomunika kwa vikombe vya bati wanalijua hilo.)

Kinachotusumbua ni ile sura. Mwaka huohuo, kabla ya kuzingirwa, watu wa Gdańsk walikuwa wameichoma monasteri ya Oliwa, jirani yao. Watawa wale walikuwa wakimwomba nani, kama si Kristo huyohuyo? Hatusemi kwamba mji uliomba kwa unafiki. Mtu aliyezingirwa humlilia Mungu kwa kweli. Lakini kuomba ulinzi ni jambo moja, na kumfanya Kristo muhuri wa upande wetu ni jambo jingine, na mara nyingi hatujui tumevuka mpaka lini. Hata katika ugomvi wa baraza la wazee, kila upande hufunga kikao chake cha faragha kwa sala.

Mji haukutekwa. Mwezi Desemba walipatana: Gdańsk ikamtambua mfalme, ikakubali kumlipa zloti 200,000, na nyingine 20,000 kwa ajili ya kuijenga upya Oliwa. Taleri zenye sura ya Kristo leo ni adimu sana. Fedha zilizofuata zilibeba tena sura ya mfalme.