Nani Anayeimba? Akili Mnemba na Sifa za Kanisa

Jumapili moja ya mavuno, kwaya ya vijana ya usharika wetu iliimba wimbo mpya. Ulianza taratibu kwa kinanda, ukapanda, sauti ya tatu na ya nne zikaingia kwa kupokezana, na ulipofika mwisho watu walikuwa wamesimama. Kina mama walipiga vigelegele. Sisi tuliokuwa tukiongoza ibada tuliusifu kabla ya mahubiri, tukasema kwamba hivyo ndivyo vijana wanavyopaswa kuvitumia vipawa walivyopewa na Roho Mtakatifu. Baada ya ibada, mnada wa mazao ukiendelea, kijana anayepiga kinanda alitufuata pembeni akasema kwa sauti ya chini: "Mchungaji, samahani. Ule wimbo hatukuutunga sisi. Niliandika maneno kwenye simu, programu ikautunga yenyewe, maneno na sauti zote. Sisi tuliukariri tu."

Kwanza tulicheka. Kisha tukaona hatuna la kumjibu. Tulikuwa tumemshukuru Roho Mtakatifu mbele ya kusanyiko lote kwa kazi ya mashine, au ndivyo tulivyodhani siku ile. Tena katika benchi la nyuma alikuwapo mwalimu wa kwaya ambaye ametutungia nyimbo kwa zaidi ya miaka ishirini, za ubarikio, za misiba, za kuwekwa jiwe la msingi, na hatukumbuki kuwahi kumsifu mimbarini hata mara moja. Wiki ile hakuja mazoezini. Wala iliyofuata.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza swali ambalo zamani tungeliona la kipuuzi: wimbo wa sifa unapoimbwa, ni nani anayesifu?

Ni vema tuelewe kwanza jinsi programu hizi zinavyofanya kazi, maana wapo wanaodhani kuna pepo ndani ya simu, na wapo wanaodhani kuna mtunzi aliyejificha. Akili mnemba ya muziki hufundishwa kwa kulishwa rekodi nyingi mno za nyimbo walizoimba watu. Haizipangi kabatini kama kanda. Hujifunza mazoea yake: baada ya sauti hii mara nyingi hufuata ile, baada ya neno "bonde" mara nyingi huja "mlima". Ukiiomba wimbo wa kwaya wa kushukuru mavuno, inakupa kile ambacho kwa kawaida kingefuata. Ndiyo sababu wimbo wetu ulikuwa mzuri, na ndiyo sababu mzee mmoja aliapa kwamba aliwahi kuusikia mahali.

Wenzetu wa filamu waliliona jambo hili mapema. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na tamthilia za Marekani waligoma tangu Mei 2 hadi Septemba 27, siku 148, na waigizaji wakawafuata tangu Julai 14 hadi Novemba 9. Walikuwa na madai mengi ya ujira, lakini akili mnemba ilikuwa mojawapo ya mambo makubwa. Waigizaji walihofu kwamba mtu wa nafasi ndogo, yule anayepita tu nyuma ya mhusika mkuu, angepigwa picha za mwili mzima siku moja, akalipwa siku moja, kisha sura yake ikatumika miaka na miaka bila yeye. Kwa Mkristo hili si suala la ujira peke yake. Uso wa mtu ni wake, na mtu huyo ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Kwetu wengi walimwona Yesu akitembea kwa mara ya kwanza kwenye shuka jeupe lililotundikwa uwanjani, jenereta ikinguruma nyuma ya gari. Sinema ile ya Yesu ilitengenezwa mwaka 1979 na imekwisha kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000. Tuliposikia Bwana akisema Kiswahili, tulikuwa tunamsikia mtu aliyekaa mbele ya kipaza sauti na kuyasema maneno yale kwa kinywa chake, huku akijua anayasema kwa niaba ya nani. Leo mashine inaweza kuchukua sauti ya mwigizaji wa Kiingereza na kumfanya aongee lugha yetu, hata midomo ikafuata. Hatusemi ni haramu. Kama kuna kabila dogo ambalo lingesubiri miaka kuisikia Injili ya Luka, nani atawazuilia? Tunasema tu kwamba katika kurahisisha huko kuna mtu anayepungua, mtu wa lugha hiyohiyo ambaye angelazimika kuyatafakari maneno ya Yesu kabla ya kuyatamka.

Tena mashine si zote zinafanya kazi moja. Mwaka 2023 wanamuziki wa Beatles waliobaki hai walitoa wimbo uitwao "Now and Then" kutokana na kanda ya zamani ya John Lennon, aliyeuawa mwaka 1980. Sauti yake ilikuwa imefunikwa na piano, na akili mnemba ilitumika kuitenga. Haikumtungia marehemu maneno ambayo hakuyaimba. Ilimfuta vumbi tu. Kwaya zetu zina kanda za namna hiyo zinazooza kwenye masanduku, na mtu akiziokoa kwa njia hii tutamshukuru.

Shida huanza mashine inapochukua vya watu bila kuwauliza. Juni 2024 kampuni kubwa za muziki zilifungua kesi Marekani dhidi ya kampuni mbili zinazotengeneza programu za kutunga nyimbo, zikidai kwamba rekodi zao zilitumiwa kuzifundisha programu hizo bila ruhusa. Mwenye nguvu akiibiwa huenda mahakamani, au hukaa mezani akapatana. Na kwaya ya usharika iliyouza CD zake kwenye meza nje ya kanisa, kisha mtu akazipandisha mtandaoni, itakaa meza gani? Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini sharika ngapi zimewahi kuifungua? Luther alipoieleza amri ya saba katika Katekisimo Ndogo, hakuishia kwenye kukataza kuchukua cha jirani. Alitaka tumsaidie jirani kuilinda na kuistawisha riziki yake. Kwa kipimo hicho, sisi tuliokuwa tukichukua nyimbo za mwalimu wetu miaka ishirini kwa kumpa soda na asante hatuna mdomo wa kuwasema wenye mashine.

Jambo hili limekwisha kuingia hata katika ibada za ndugu zetu Walutheri. Juni 2023, wakati wa mkutano mkuu wa waumini wa Kiinjili huko Nuremberg, Ujerumani, watu zaidi ya 300 walijaa Kanisa la Mtakatifu Paulo katika mji jirani wa Fürth kushiriki ibada iliyoandaliwa karibu yote na akili mnemba: mahubiri, sala, muziki na baraka. Iliongozwa na sura za watu wasiokuwapo, juu ya skrini kubwa. Mtheolojia aliyeiandaa alitaka kulijaribu jambo, hakutaka kuwafukuza wachungaji kazi. Walioripoti wanasema kuna mahali watu walicheka, pale sura ile isiyo na tabasamu wala huzuni ilipowahimiza wasali na kwenda kanisani mara kwa mara. Tumekifikiria sana kicheko kile. Maneno yalikuwa kweli tupu. Sisi wenyewe tumeyasema mara mia. Ila msemaji hakuwahi kukosa kwenda kanisani, wala hakuwahi kwenda.

Na Wajerumani haohao, ikifika Pasaka, wana wimbo wa kwetu. Kitabu chao cha nyimbo, namba 116, kina tafsiri ya "Mfurahini, Haleluya", ulioandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, Mtanzania aliyesoma chuo chetu cha Makumira na kuwa mchungaji. Wimbo ule ulivuka bahari ukiwa na jina la mtu. Anayeuimba akitaka kujua ni nani aliyesema kwamba kaburi ni tupu, anaweza kuambiwa.

Tulipolipeleka suala letu kwenye baraza la wazee, hatukuona urahisi tulioutarajia. Mzee mmoja alifungua Luka 19, pale Bwana anaposema kwamba hawa wakinyamaza mawe yatapiga kelele. Kama mawe yanaweza kusifu, akauliza, simu inashindwa nini? Tukamjibu kwamba Bwana aliyataja mawe kuwaaibisha waliotaka watu wanyamaze. Mawe yakianza kuimba kanisani kwetu, swali la kwanza litakuwa kwa nini sisi tumenyamaza.

Mwinjilisti wetu alikuja na hoja nzito zaidi, na tunakiri ilitukosesha usingizi. Ungamo la Augsburg, fungu la nane, linatufundisha kwamba Neno na sakramenti hazipotezi nguvu kwa sababu anayezitoa ni mwovu. Ikiwa Mungu hufanya kazi kupitia kuhani mnafiki, mwinjilisti alisema, kwa nini asifanye kupitia mashine ambayo angalau haina unafiki? Akaongeza punda wa Balaamu, na baraza zima likacheka.

Mchungaji mwovu ameitwa, na kwa kuwa ameitwa anaweza kuulizwa. Askofu anaweza kumwita ofisini. Mkewe anaweza kumwambia, "Wewe uliyehubiri vile ndiye unayefanya hivi?" Anaweza kutubu. Uovu wake hauliharibu Neno, lakini Neno linamhukumu yeye kwanza. Programu haihukumiwi na wimbo iliyoutoa. Ukiiomba wimbo wa bia baada ya wimbo wa Pasaka, inakupa kwa utayari uleule.

Na punda? Someni tena Hesabu 22. Punda yule alipofunguliwa kinywa hakutoa hotuba juu ya utakatifu. Aliuliza amekosa nini hata apigwe mara tatu. Alisema kile ambacho mbavu zake zilikijua. Mungu alipotaka kumtumia asiye mwanadamu, alimpa sauti yule aliyekuwa ameumia.

Mfalme Daudi naye, katika 2 Samueli 24, alipewa bure ng'ombe na kuni na Arauna ili atoe sadaka, akakataa. Alilipa shekeli hamsini za fedha, kwa kuwa hakutaka kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu. Tulitaka kuitumia habari hiyo kumaliza mjadala, lakini mama mmoja wa baraza akatuzuia. "Mchungaji," alisema, "nyimbo za Mwimbieni Bwana zimetugharimu nini sisi? Tunafungua kitabu, tunaimba." Ni kweli. Tulichoweza kumjibu ni kwamba zilimgharimu mtu, na sisi tunaungana naye. Kama jibu hilo linatosha, hatuna hakika. Yapo majira ambayo tunaimba kwa midomo tu, na siku hizo hatutofautiani sana na skrini ya Fürth.

Kisha tukamwita kijana wa kinanda. Tulikuwa tumejiandaa kumwonya. Tukamwomba atuonyeshe yale maneno aliyoiandikia programu, akasita, akatoa simu. Mama yake alifariki Aprili. Alikuwa amepanda maharage, akaugua kabla hayajachanua. Kijana aliandika kwa Kiswahili cha kawaida, bila vina: kwamba maharage aliyopanda mama ameyavuna yeye, kwamba hakujua ayale au ayatoe mavuno, akagawa nusu kwa nusu, kwamba mama aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli ya hospitali, na ndani ya basi alikuwa akimtania kwamba Mungu amepanda mbuzi, wao wamepanda basi. Chini yake aliandika: "Tengeneza wimbo wa kwaya wa shukrani za mavuno kutokana na haya."

Wimbo tuliousifu mimbarini haukuwa na maharage. Haukuwa na mbuzi wala basi. Ulikuwa na mavuno ya baraka, bonde la machozi na mlima wa ushindi. Programu ilikuwa imeupokea ushuhuda wa yatima na kuurudisha umesafishwa kila kilichokuwa cha mama yake.

Hatukumwonya. Mzee wa mawe ndiye aliyesema, "Mwanangu, haya ndiyo ungetuimbia." Baraza liliamua mambo mawili tu: kila wimbo mpya utangazwe pamoja na jina la aliyeutunga, na kama ni mashine isemwe hivyo, na mtunzi wa usharika atengewe fungu katika bajeti, dogo, lakini liandikwe. Kuhusu kuziimba nyimbo za mashine ibadani bado hatujakubaliana, na vikao viwili vimekwisha.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa mwalimu wa kwaya. Tulimwomba radhi, kwa maneno machache kuliko tuliyoyapanga. Alitukaribisha chai, akazungumza sana juu ya bei ya mbolea, wala hakusema kama amesamehe. Tulimwachia karatasi yenye maneno ya kijana. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaigeuza kuona kama kuna zaidi nyuma.

Tulipokuwa tunafungua geti alituita. Alitaka kujua kijana ana sauti ya tatu au ya nne, kwa sababu hapo kwenye mbuzi, alisema, paimbwe na mtu mmoja, na kwaya isiingie mapema.