Mvua ni ya Mungu, mfereji ni wa nani?

Mtu akijenga nyumba, majirani huja kumpongeza. Akizibua mfereji, hakuna anayemsifu. Ndiyo sababu wengi twapenda kujenga, lakini kazi ya kutunza twaiachia kesho. Je, kuacha huko ni uvivu tu, ao ni kosa juu ya jirani?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nyumba yangu iko Bukavu, mahali pa mteremko. Ni ya matofali mabichi, na paa lake ni la mabati. Mwaka 2018, wakati wa kiangazi, niliona mfereji wa nyuma umejaa udongo na majani. Nikasema: «Nitauzibua.» Juni ikapita, Julai na Agosti zikapita. Septemba mvua ikarudi. Usiku mmoja maji yakaruka mfereji, yakashuka kwa mama mjane anayekaa chini yangu, yakaangusha ukuta wa jiko lake. Kwa bahati hakuna aliyelala humo.

Asubuhi nilienda kumpa pole. Nikamwambia: «Mama, mvua ya jana ilikuwa kali sana.» Akanijibu bila hasira: «Mwalimu, mvua ni ya Mungu. Mfereji ni wa nani?» Nilikosa jibu.

Tupime neno lake. Mvua ya milimeta 30 ikinyesha juu ya paa la meta 40 za mraba, paa hilo lapokea litri 1200, yaani mapipa 6 ya litri 200. Maji hayo yangeanguka ovyo juu ya majani, yangepungua nguvu. Lakini paa langu liliyakusanya na kuyamwaga mahali pamoja. Basi hayakuwa tena maji ya mbinguni tu. Yalikuwa yamepita kwangu.

Mtu atasema: «Sikutaka kumdhuru yeyote.» Ni kweli, hata mimi sikutaka. Lakini kuna kosa la kutenda, na kuna kosa la kuacha. Aliyeona hatari, akaweza kuizuia, naye akaiacha, hawezi kujificha nyuma ya nia njema. Asiye na feza ya mabati mapya hadaiwi mabati. Lakini mimi nilikuwa na jembe, na kazi ilikuwa ya asubuhi moja.

Tangu hapo, kila mwezi wa Agosti nazunguka nyumba. Natazama msingi, kwa sababu tofali bichi likilowa chini, ukuta wote wapoteza nguvu. Nabomoa njia za udongo ambazo mchwa hupitia ukutani kwenda kula mbao za paa. Napanda kutazama misumari iliyolegea na mabati yenye kutu: tundu dogo likiachwa, mbao huoza. Mwisho nazibua mfereji, tena natazama maji yanaelekea wapi. Maana kuyaondoa kwangu na kuyapeleka kwa jirani si kutunza. Ni kuhamisha hatari.

Jiko la mama yule nililijenga tena kwa mikono yangu. Kazi ya asubuhi moja niliyoikataa, niliilipa kwa siku 12.

Ndugu yangu, kabla mvua haijarudi, zunguka nyumba yako. Kisha shuka hata kwa jirani wa chini, umpigie hodi, utazame maji yako yanafika wapi.