Maandalio na Jirani

Nahodha wa chombo cha tanga hakuwa na ruhusa ya kusahau majira. Kaskazi ilipoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, vyombo vya Uarabuni na Ghuba vilishuka pwani yetu. Kusi iliposhika mwezi wa Aprili, vilipandisha tanga kurudi kwao. Aliyechelewa hata akakutwa bandarini na mwezi wa Juni alifungwa na bahari yenyewe, kwa maana wakati wa kipupwe kusi huwa kali mno. Hapo hakuwa na budi kungoja demani, Agosti au Septemba, yeye na mabaharia wake wakila, wakilala na kuugua mumo humo chomboni.

Kwa hiyo maandalio yalianza mapema. Jahazi liliachwa juu ya mchanga maji yakupwa, likakwanguliwa chaza na mwani, likatiwa kalafati katika nyufa, likapakwa shahamu na chokaa upande wa chini, na sifa, yaani mafuta ya papa, upande wa juu. Kamba zilikaguliwa, tanga likatiwa viraka, matangi ya mbao yakajazwa maji, mchele na tende vikapimwa. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda bumu la Kuwait akafika nalo hata Unguja na delta ya Rufiji, na mwaka 1940 akatoa kitabu cha safari hiyo. Mabaharia aliosafiri nao hawakuwa na vyumba. Sitaha ndiyo iliyokuwa nyumba yao, nao waliishiriki na abiria zaidi ya mia. Katika maisha ya namna hiyo uzembe wa mmoja ni kiu ya wote.

Msomaji wa Navakholo ataniuliza: jahazi lina nini nasi, tulio zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa? Lina hili, kwamba sisi pia tunao msimu wa kufungwa. Mvua ikianza mwezi wa Machi, mahindi hupandwa. Tangu hapo hata mavuno ya Julai au Agosti, nyumba yaishi kwa kile kilichomo ghalani. (Wahenga walisema akiba haiozi. Nadhani hawakuhifadhi mahindi Kakamega, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka na dumuzi hawalali.) Basi mtu mwangalifu huanika, hupukuchua, hupepeta, huziba tundu za panya. Jirani yake hafanyi hivyo. Mwezi wa Mei jirani huyo aja kupiga hodi, mkononi ana debe tupu. Je, aliyejiandaa ana deni kwake?

Jibu la haraka ni lile la chomboni. Baharia aliyemwaga maji yake hatupwi baharini. Hupewa kikombe kama wenziwe. Zamani nililiamini jibu hilo, lakini sasa naliona pungufu. Chomboni yuko nahodha agawaye maji na kuamrisha kazi. Mzembe akinywa leo, kesho atavuta kamba apende asipende. Kijijini hapana nahodha wa maghala yote. Mwenye ghala akimpa kila apigaye hodi, mwaka ujao wapiga hodi watazidi, na watoto wake mwenyewe watakula nini? Hofu hiyo si uchoyo.

Hata hivyo yafaa kuuliza kwanza kwa nini debe ni tupu. Wako waliouza mavuno yao Desemba kwa ajili ya karamu. Lakini wako pia waliojiandaa, maandalio yao yakavunjwa na wengine. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na wakulima wengi wa magharibi wakapanda miwa mahali palipokuwa na mahindi. Muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Mkulima wake huweka akiba yake katika ahadi ya malipo, si katika ghala. Malipo yakaanza kuchelewa, na mwaka 2019 kiwanda kikawekwa chini ya mrasimu. Nani atathubutu kumwita mkulima huyo mzembe? Alijaza tangi, mwingine akalitoboa. Tena hata mzembe halisi ana watoto, nao hawakushauriwa kabla ya karamu.

Huku kwetu dawa iliyozoeleka ni kibarua: njoo upalilie shamba langu, nikupe gorogoro la mahindi. Dawa hii yaonekana kuwa ya haki, kwa kuwa mmoja hupata chakula na mwingine hupata kazi, wala hapana aliyeomba. Lakini itazame kalenda. Mei ni mwezi wa palizi. Siku anazopalilia kwangu ndizo siku ambazo magugu yanameza shamba lake. Mavuno yake yatakuwa haba, na Mei nyingine atakuwa mlangoni pangu tena. Nimempa gorogoro, nikamchukulia gunia. Wala hapana sheria niliyoivunja. Tulipatana, naye akaridhika. Ila kuridhika kwa mwenye njaa ni kitu cha kuangaliwa kwa makini.

Mimi naona, basi, kwamba deni lipo, lakini ni deni la wakati kuliko la mahindi. Mwenye chakula akopeshe chakula Mei, amwache jirani apalilie kwake, na kazi aidai Septemba, mavuno yakiisha kuingia: uko ua wa kutengeneza, liko paa la ghala la kuezeka, yako mahindi ya kupukuchua. Jirani asipokuja Septemba? Yawezekana, maana wengine hawaji. Hapo mkopeshaji atakuwa amepoteza gunia, na mwaka unaofuata atakuwa na haki ya kusita. Lakini mtu wa namna hiyo, mwaka unaofuata, haji mwenyewe. Humtuma mtoto na debe.